Mkono Mmoja Juu, Mmoja Chini

Siku Daktari Lyimo alipozifungua bandeji zangu kwa mara ya pili, chumbani tulikuwa watu sita, na nitawataja wote ili asiachwe mtu. Nilikuwepo mimi, Esha, nimekaa kitandani, mikono yangu imelazwa juu ya mito ya sufi, huku mmoja na huku mmoja. Alikuwepo mama yangu mzazi, Bi Hadija, aliyetoka Lionja, kijijini kwetu, juu ya lori, akapewa kiti akakikataa, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa barazani kujibu kesi. Alikuwepo wifi yangu Zuhura, mke wa kaka yangu Hamisi, ameshika bakuli la uji, kwa sababu wakati ule sikuweza kujilisha. Alikuwepo daktari mwenyewe, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo uisikie. Alikuwepo nesi Sesilia, mzaliwa wa Masasi, ambaye hata wazee walimwita dada. Na kitanda cha pili alilala Bibi Asumini wa Kilimarondo, ambaye hakuwa ndugu yetu wala jirani yetu. Ngiri alimchana paja bibi huyo alipokuwa anafukuza wanyama shambani, akaletwa hospitali ile ya misheni kwa machela, na kwa kulala chumba kimoja akawa ndugu kuliko ndugu. Daktari na nesi walihamishwa zamani, sijui waliko. Mama na Bibi Asumini wamekwenda mbele ya haki miaka mingi. Na mwaka huu, korosho zikiwa ndiyo zinaanza kudondoka, tumemzika Zuhura.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Nilipokunja mikono ya gauni mpaka juu, mtoto mmoja wa kike, Rehema, aliyekuwa anatuletea maji, akakaza macho kwenye mikono yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, ulichanwa na nini?" Kabla sijajibu, mama yake akamjibu. Mama yake ndiye Fatu, binti wa Zuhura, naye sasa ana mvi kuliko mimi. Alisema, "Hayo makovu ndiyo yaliyonibeba mimi. Leta maji." Mtoto akaenda akarudi na maswali zaidi, na mpaka arobaini inapita alikuwa bado ananiuliza. Ndipo nikasema nitaandika. Shule yangu ni darasa la pili, na mengine nimeyapata kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa asiyatafute hapa. Lakini majina nayakumbuka yote, na nani alikaa wapi, na nani alisema nini.

Mwaka ule nilikuwa Ruangwa, sijafika hata miaka thelathini, nina mgahawa karibu na pale mabasi ya Lindi yalipokuwa yanasimama. Maandazi, chapati, chai ya maziwa, wali na mbaazi. Nilipika, na nilichopika nilikionja, na kuonja kwangu kulikuwa kula. Nilikuwa mnene wa kutajwa. Mgeni akiuliza njia ya kwenda sokoni aliambiwa, pita kwa Esha Pipa halafu kunja kulia. Sikuona vibaya. Wakati ule mwanamke mnene alikuwa heshima ya mume wake, na Bakari wangu alikuwa anatembea mbele yangu kama mtu anayeongoza msafara. Halafu ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, mafuta ya taa foleni, kanga ndiyo usiseme, na sukari ikapotea kabisa. Ni katika miezi hiyo hiyo nikaanza kuugua. Nilikuwa na kiu isiyokatika, namaliza mtungi peke yangu, halafu nakimbilia nje, nikitoka nje naingia tena kunywa. Bakari akaona chungu wamejaa mahali nilipomwaga haja ndogo ya usiku, wanatambaa kama wameitwa kwenye karamu. Nikaenda hospitali ile ya misheni, wakachukua mkojo wangu, wakautia kwenye chupa nyembamba yenye dawa ya buluu, wakauchemsha kwenye moto mdogo. Ukageuka rangi ya tofali. Daktari Lyimo akasema, una ugonjwa wa sukari. Habari ilipofika Lionja, Zuhura alipanda gari kuja Ruangwa kunisalimia, na kabla hajashusha kikapu chake alisimama mlangoni pa mgahawa, watu wanakula, akapaza sauti, "Nchi nzima inalia haina sukari, kumbe yote umeibana wewe, wifi!" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai yake ya chumvi.

Nikapewa vidonge na masharti. Andazi marufuku, chai ya sukari marufuku ingawa sukari yenyewe haikuwepo, ugali kiasi cha ngumi yangu, na mboga sahani nzima. Nikala mlenda, nikala kisamvu, nikala matembele mpaka Bakari akasema nitaanza kulia kama mbuzi. Mwili ukaanza kushuka. Kwanza kwa ugonjwa wenyewe, halafu kwa masharti, na kila nilipokwenda kupima, dawa ile ilizidi kubaki na buluu yake. Ilikuwa furaha. Magoti yaliacha kuuma, nikaweza kutembea toka kituo cha gari mpaka shambani kwetu Lionja na kurudi bila kukaa njiani. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nyama inaondoka, ngozi haiondoki. Tumboni nilifunga kanga, mapajani nilivaa gauni refu, lakini mikono ilinishinda. Kutoka kwapani mpaka kiwikoni ngozi ilining'inia kama mifuko iliyomwagwa unga. Nikitwanga, ilipiga mbavuni, pwa, pwa, nyuma kidogo ya mchi, na watoto wa mtaa wakaanza kutwanga hewa njiani huku wanapiga mbavu zao. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni vidonda. Joto la Ruangwa mnalijua. Jasho liliingia kwenye mikunjo, ngozi ikasuguana na ngozi, ikachubuka, ikatoa harufu, na kila nikiinua mkono palipokauka panapasuka. Bakari alikuwa na maneno yake, "Nilioa gunia la karanga, leo nalala na gunia tupu." Halafu anachukua poda, ananiinua mkono taratibu, ananipaka kwenye mikunjo, huku anapuliza. Sijawahi kumwambia mtu hilo, nalisema leo kwa sababu naye hayupo wa kuona haya.

Sasa nieleze kwa nini mikono ilikuwa neno kubwa. Zuhura alikuwa amenichagua niwe somo wa Fatu. Fatu alikuwa anaingia unyagoni mwaka ule, angekaa ndani, akafundwa, na baada ya mavuno angetolewa. Kwetu siku ya kutoka mwali hatembei. Somo wake anambeba mabegani mbele ya watu wote, toka mlango wa nyumba aliyofundwa mpaka kwenye mkeka wa mama yake, na ngoma inalia njia nzima. Mwali anakaa juu amefunikwa kanga mpya, na somo anainua mikono yake miwili juu ya kichwa, anamshika mwali mikono yote miwili. Ndivyo nilivyobebwa mimi, ndivyo alivyobebwa Zuhura. Somo akishindwa katikati ya njia, akampa mwingine, basi huyo mwingine ndiye somo, na mtoto atamheshimu huyo maisha yake yote, atampelekea huyo habari ya ndoa yake na uzazi wake. Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa kuzaa. Fatu ndiye alikuwa wangu. Kabla hajaingia ndani nilijaribu, siku moja pale Lionja, kuinua debe la maji na kulishika kichwani kwa mikono miwili. Sikufika hatua kumi. Damu ilishuka mbavuni mpaka kwenye kanga. Zuhura aliona. Hakunitania siku ile, na kutotaniwa na Zuhura kuliniuma kuliko kidonda.

Ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Alimwambia, "Daktari, umemkondesha wewe. Sasa haya yaliyobaki tuyafanyeje?" Daktari Lyimo akanishika ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, akaitazama haikurudi. Akasema hairudi tena, hata nile nini, hata nipake nini. Akasema anaweza kuikata. Akachukua kijiti, akakichovya kwenye dawa ya zambarau ya vidonda, akanichora mkononi, mstari kutoka kwapani mpaka kiwikoni kwa upande wa ndani, na mstari mwingine chini yake, umbo la jani la mwembe. "Kilicho katikati kitaondoka," akasema, "na kingo mbili nitazishona pamoja. Vidonda vya kwapani vitakwisha, utafanya kazi zako. Lakini nisikudanganye, sitakurudishia mikono ya usichana. Nachukua ngozi, nakupa kovu, nalo ni refu na halifichiki. Mkono utavimba. Mahali fulani hutahisi kitu, hata ukiguswa, labda daima. Na hutainua mikono juu ya mabega mpaka mimi niseme." Mimi nilimuuliza jambo moja tu. "Nitambeba mwali?" Akauliza anatolewa lini. Nikamwambia baada ya mavuno, mahindi yakishaanikwa. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Ukinisikiliza, utabeba." Zuhura akadakia, "Huyu hasikilizi mtu, daktari. Niambie mimi."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha nilipolazwa. Ya chumba cha upasuaji siyajui. Waliniwekea kinyago cha mpira chenye harufu tamu ya kuchefua, wakaniambia nihesabu, nikahesabu mpaka nikafika mahali nisipopajua. Niliamka nina kiu na kichefuchefu, na mikono si yangu. Ilikuwa mizito kama magogo, imefungwa bandeji kutoka vidoleni mpaka begani, na chini ya kila kwapa kimetokeza kipande cha mpira, nesi Sesilia aliniambia ni cha kutolea maji machafu. Siku za kwanza yalitoka maji mekundu, halafu yakawa rangi ya chai hafifu, halafu yakakoma na mipira ikatolewa. Maumivu yalikuwepo, lakini mimi nilitegemea makubwa kuliko yale. Kilichokuwa kikubwa ni kukosa mikono. Nani anajua kazi ya mkono mpaka aukose? Inzi akitua puani nilimpuliza, akiwa mkaidi nilimwita Zuhura. Kufunga kanga, Zuhura. Kuchana nywele, Zuhura. Chooni, Zuhura. Nilisali bila kuinua mikono, na Zuhura ndiye aliyenifunga mtandio. Alinilisha tonge kwa tonge, na kila tonge lina neno lake. "Fungua. Tafuna. Usinitazame hivyo, nilipoolewa kwenu ulisema sijui kupika, leo umemeza." Alipika kwenye jiko la wauguzaji nyuma ya wodi, ugali wa mtama, mbaazi, kisamvu cha karanga. Siku aliyopata ming'oko, vile viazi vya porini, alinipa kipande kimoja kidogo kwa ajili ya sukari yangu, kilichobaki akakila chote mbele yangu polepole, huku Bibi Asumini anacheka ameshika paja lake lisifumuke.

Dirisha letu lilitazama jiko lile, kwa hiyo tulisikia yote. Siku moja wanawake wawili wanachochea moto, mmoja anauliza, "Ati yule wa chumba cha mwisho kakatwa nini?"

"Kakatwa mikono."

"Mbona nimeona vidole?"

"Kakatwa ngozi. Alikuwa bonge la mtu, kakonda, ngozi ikabaki."

"Na hiyo ngozi wanaipeleka wapi?"

"Waulize wenyewe. Ngozi ya mtu haiwezi kutupwa tu."

Zuhura alikuwa anasonga ugali hatua mbili kutoka kwao. Tukasikia mwiko umewekwa. Akaingia chumbani hata hakunitazama, akamkuta nesi Sesilia anakunja bandeji zilizofuliwa, akamwambia, "Dada, naomba ngozi ya wifi yangu." Nesi akadhani anatania. Zuhura akamwambia kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa, kondo la nyuma linazikwa, sembuse mikono ya mtu mzima. Nesi akaenda kwa daktari, nasi tukangoja maneno makali. Nesi akarudi na kopo la maziwa ya unga limefungwa kitambaa juu, akampa kwa mikono miwili kama anayekabidhi kitu cha heshima. Kaka yangu Hamisi alipokuja kututazama akalichukua, akaenda kulizika Lionja kando ya makaburi ya kwetu. Alipokuja mara ya pili akaniambia, "Nimekuzika kidogo, dada. Kilichobaki kitunze." Hamisi alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na hayo ndiyo maneno marefu aliyoniambia mwaka ule.

Nyuzi zilipotolewa nikaruhusiwa kwenda Lionja kwa mama, nikiwa na masharti yangu. Nisiinue, nisibebe, nilaze mikono juu ya mito nikiwa nimelala, bandeji isilowe. Mikono ilikuwa imevimba mpaka vidole vinang'aa, na daktari alishasema itavimba. Lakini mama yangu hakuwepo daktari aliposema. Mama yangu alikuwa mkandaji wa wazazi. Hakuna mwanamke aliyejifungua Lionja enzi zile asiyekandwa na Bi Hadija, maji yanatoka motoni yanafuka moshi, anachovya kitambaa, anakamua, anakandamiza tumbo na mgongo mpaka uvimbe unywee na mzazi alale kama mtoto. Akaitazama mikono yangu akasikitika. Zuhura alikuwa amekwenda kisimani. Mama akachemsha maji na majani ya mpera, akaufungua mkono wa kushoto, akanikanda. Na mimi, niwaambie kweli, nilisikia raha sijawahi kuisikia. Nilisinzia. Zuhura alirudi na ndoo kichwani, akaona mvuke, akaona bandeji chini, na ndoo ile aliiangusha. "Mama! Umefanya nini?" Mama akasema, "Nimemkanda mwanangu. Kwani nyie mlimwacha avimbe mpaka lini?" Siku ya pili yake chini ya kwapa palikuwa pamefunguka kama mdomo, na homa imepanda. Mkono wa kulia ulisalimika kwa sababu tu maji yaliisha. Tukapanda lori kurudi hospitali, na mama akasema naye anakwenda.

Ndiyo siku ile niliyoanzia. Daktari Lyimo aliukunjua mkono wa kulia kwanza, akatikisa kichwa kuridhika. Akaukunjua wa kushoto, akakiinamia kidonda. Akamgeukia mama pale mlangoni. Sote tulijua anatukanwa mtu. Akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, ulimkanda kwa nini?"

"Mwili ukivimba hukandwa, baba," mama akasema. "Nimekanda wazazi wote wa kwetu. Hajafa mtu."

"Mzazi hana mshono mkononi. Huyu nimemshona, na ngozi ilikuwa bado haijashikana. Maji ya moto yameilainisha, na mikono yako ina nguvu, imeivuta ikaachia."

Mama akaitazama mikono yake. "Basi nisimguse tena."

"Sijasema hivyo. Kidonda kikifunga kabisa, kovu litakuwa gumu kama kamba, litamvuta kwapani. Hapo ndipo nitakuhitaji. Mafuta ya nazi, vidole, taratibu, asubuhi na jioni. Bila maji ya moto. Utaweza?"

"Naweza," mama akasema, na ndipo akakaa kwenye kiti.

Nami nikauliza lile swali langu. Daktari akasema kidonda hakitashonwa tena, kitasafishwa kwa maji ya chumvi na kujifunga chenyewe kutoka chini, na kitachukua muda wake. "Mkono wa kulia utapanda. Wa kushoto usiupandishe juu ya bega mwaka huu. Ukiupandisha, utachanika tena pale pale." Mama, kwa nia njema, akasema basi Tatu abebe. Tatu alikuwa dada yake Zuhura, mwanamke wa maana, mwenye mabega, na mtoto wa dada yake ni mtoto wake. Kila mtu angekubali. Niligeuza uso ukutani. Nikamsikia Zuhura anaweka bakuli la uji chini, anasema, "Fatu ana somo mmoja. Atabebwa na Esha, au atatoka kwa miguu yake watu wacheke. Tatu ana mabega lakini hana adabu." Bibi Asumini kule kitandani akauliza, "Kwani mwali hubebwa kwa mikono au kwa mabega?" Nilimwona Zuhura anamtazama.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, hata sasa nikiikumbuka natabasamu. Niliishi Lionja chumba kimoja na mama. Kidonda kilijifunga kama daktari alivyosema, polepole, kutoka chini. Hamisi akanishonea mikono ya kitambaa cha marekani ya kunibana, kutoka kifundoni mpaka begani, ina matundu na kamba kama ya viatu, kwa kuwa daktari alitaka mikono ibanwe uvimbe usirudi. Asubuhi Zuhura ananikaza kamba kama anayefunga gunia, na mama kila jioni anaifungua, anachovya vidole kwenye kifuu chenye mafuta ya nazi, anasugua kovu huku ananong'ona habari za kila mzazi aliyewahi kumkanda. Kovu la kulia likawa jembamba kama uzi. La kushoto likawa pana, limekunjamana kwapani, na katikati yake pana mahali ambapo mama aliweza kufinya nami nisijue. Kutwanga nikaanza taratibu. Pwa pwa haikusikika tena, na kwapa lilikuwa kavu, na siku moja joto la mchana kali nilijikuta nimejipepea kwa kanga, mkono umeinuliwa, nikakumbuka mwaka mzima sijafanya hivyo.

Mahindi yalipoanikwa Zuhura akaniita ndani kwake, akafunga mlango kwa komeo. Akasema, "Chuchumaa." Nikachuchumaa. Akanipanda mabegani! Zuhura alikuwa mwanamke mdogo, lakini si mdogo hivyo. "Inuka, wifi. Mkono wa kulia unishike mkono wangu, hapo juu. Wa kushoto shika kifundo changu cha mguu, hapo kifuani kwako, usiupeleke popote. Haya, tembea." Nikatembea. Kitanda mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani. Juu kule kichwa chake kinagonga miti ya paa, masizi yanatudondokea, anatukana na kucheka. "Yule bibi wa Kilimarondo alisema kweli. Mzigo ni wa bega. Mikono ni ya kumshikia tu." Mama akagonga, akaambiwa subiri, hakusubiri, akasukuma komeo likatoka. Akatukuta hivyo, wanawake wawili watu wazima, mmoja juu ya mwenzake, weusi kwa masizi. Akatutazama. Akasema, "Kaza tumbo, Esha. Mgongo utauma," akafunga mlango.

Siku ya kutoka Lionja ilijaa. Kanga mpya hazikuwa madukani, kwa hiyo kila nyumba ilitoa iliyofichwa sandukuni, na Fatu akafunikwa kanga ambazo wenyewe walikuwa wanazitambua mojamoja kwa kunong'ona, ya juu kabisa ikiwa ya Bi Asha Mponda. Nilivaa mikono yangu ya marekani chini ya blauzi, Zuhura amekaza kamba mwenyewe tangu alfajiri. Niliingia ndani, nikachuchumaa, Fatu akanipanda. Alikuwa ananukia mafuta mazuri, magoti amenibana shingoni. Nikamwambia, "Usiogope, mama yako nilimbeba juzi na bado mzima," nikamsikia anacheka kwa pumzi. Tukatoka mlangoni. Mkono wa kulia nimeuinua, nimemshika mkono wake juu. Wa kushoto umeshika kifundo chake, kifuani kwangu. Mkono wake mwingine Fatu hakujua aupeleke wapi, akauweka kichwani kwangu. Vigelegele vilianza vikakatika. Bi Mwajuma, mkuu wa ngoma, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, akauliza mbele ya watu, "Somo, na mkono wa pili umelala?"

Niliendelea kutembea tu, kwa sababu nilijua nikisimama nitamshusha. Tatu, yule dada, alikuwa amesogea pembeni ya njia, mikono wazi, kama ningemwangusha amdake. Nilimwona Zuhura ameinuka kwenye mkeka wake mbele kule. Mama wa mwali hainuki, yeye aliinuka. Akapandisha mkono wa kulia juu, wa kushoto akauweka kifuani, akaanza kucheza hivyo, mkono mmoja juu, mmoja chini, anarudi nyuma, anakuja mbele, uso mkavu kabisa kama mtu anayefanya jambo la siku zote. Mama yangu akainuka akafanya vile vile. Wakafuata wake za jirani. Mpiga ngoma akawatazama, akabadilisha mdundo awafuate. Bi Mwajuma akageuka huku na huku, akaona wote wanacheza hivyo, na mkuu wa ngoma hawezi kuwa peke yake asiyejua mtindo. Akapandisha mkono mmoja. Mimi nikapita katikati yao, jasho linanitoka, kwapa la kushoto linavuta lakini halichaniki, mpaka mkekani. Nikachuchumaa. Fatu akashuka mbele ya mama yake. Zuhura akamshika mtoto, halafu akanishika mimi, akaniambia sikioni, "Umenenepa tena, wifi, umenitia hofu."

Fatu alinipelekea habari ya ndoa yake mimi kwanza, kabla ya baba yake. Wanawe wananiita bibi, si kwa heshima ya umri tu. Na siku ile ya kumwosha Zuhura, ilipofika zamu ya kumgeuza, wale wasichana wakasita, nikasema niachieni. Niliingiza mikono chini ya mabega yake, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko siku ile ya masizi. Amezikwa pale pale kwenye makaburi ya kwetu, na kipande changu alichokidai kwa nesi kipo kando yake hapo, kwa hiyo siwezi kusema yuko peke yake.

Mwaka kabla hajafariki tulikwenda wote wawili Ruangwa, kwenye sherehe ya kutoa mwali kwa watu tusiowajua sana, tumealikwa tu kwa uzee wetu. Somo akatoka na mwali mabegani, msichana wa siku hizi mwenye simu kiunoni, mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika kifundo kifuani. Mgeni mmoja, mwalimu kutoka mkoa mwingine, akauliza kwa nini anabebwa hivyo. Mama mmoja akamjibu bila kusita, "Ndivyo walivyotuachia mababu." Nilikaza meno nisicheke. Zuhura alikuwa amekaa kushoto kwangu, na alinyoosha mkono akanifinya kwenye kovu, pale pale pasipo na hisia, nami nikajua nimefinywa kwa kuona tu vidole vyake.

Basi hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Huenda aliyeangusha ndoo hakuwa akitoka kisimani, huenda alitoka mtoni. Huenda kanga ya juu kabisa siku ile ilikuwa ya Bi Somoe na si ya Bi Asha Mponda. Na kama yupo mzee wa Lionja, wa Ruangwa au wa Kilimarondo aliyemwona mwali akibebwa mkono mmoja juu na mmoja chini kabla ya mwaka ule, aje kwangu aniambie, nitamsikiliza na nitasahihisha. Chai ipo, isipokuwa haina sukari.